Uliza Nesi: Maswali ya wanafunzi walioko fildi kwenye ulemavu wa akili

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi wa Dar es Salaam waliopangiwa vituo na vitengo vinavyohudumia watu wenye ulemavu wa akili. Tumezifupisha kidogo.

Shikamooni. Nipo mwaka wa tatu wa diploma. Kituoni kuna kijana wa miaka 14, hasemi. Wiki hii ameanza kujiuma mkono na kugonga kichwa ukutani. Daftari la zamu limeandikwa "mkorofi". Natakiwa nimwandalie mpango wa huduma, sijui nianzie wapi. (Mwanafunzi, Mbagala)

Marahaba. Anzia kwenye maneno yako mwenyewe: "wiki hii ameanza". Ulemavu wake haukuanza wiki hii. Basi kuna kitu kimebadilika, na pa kutafuta kwanza ni mwilini. Kosa linalowaumiza watu hawa kuliko yote ni kila dalili kubandikwa kwenye ulemavu: akilia, "ndivyo alivyo", akikataa kula, "ndivyo alivyo". Jino linaoza huku watu wanaandika mkorofi.

Omba ruhusa kwa sista wa zamu, mkague kuanzia kichwani kwenda chini. Mdomoni tumia tochi: jino lenye shimo, fizi iliyovimba. Masikioni tafuta usaha au harufu, na uone kama anajivuta ukigusa. Pima joto. Angalia ngozi, kisha mvue viatu, maana kiatu kilichombana kinatosha kumfanya mtu asiyesema ajigonge. Kwa msichana uliza tarehe za hedhi. Uliza pia kama kuna dawa imebadilishwa au imekatika.

Tumbo lipe muda wake. Choo kigumu ni tatizo la kila siku kwa watu hawa, hasa wasiotembea, wanaokunywa maji kidogo au wenye dawa nyingi. Fungua daftari la choo (kama halipo, lianzishe wewe leo). Kuna mtego hapa: choo kikishaziba, kinyesi cha majimaji hupenya pembeni na kuchafua nguo. Anayeona nguo tu atasema anaharisha, atampa dawa ya kuzuia kuhara, na choo kitazidi kuziba. Ukikuta nguo zinachafuka kidogo kidogo na tumbo gumu chini upande wa kushoto, mwite daktari kabla ya dawa yoyote.

Ukishaona mwilini hakuna tatizo, ndipo uchore karatasi ya safu tatu: kabla, tendo, baada. Jaza kwa siku 5 hadi 7, zamu zote. Inavyotakiwa kusomeka ni hivi: "Saa 4:10 asubuhi. Kengele ya mapumziko imelia, watoto wengi wametoka kwa kelele. / Ameziba masikio, amejiuma mkono wa kulia mara 3. / Amepelekwa chumba cha pembeni, ametulia baada ya dakika 4." Usiandike "alikasirika bila sababu", maana hilo ni hukumu na mwenzako wa usiku hawezi kulifanyia kazi. Na safu ya tatu msiiruke, ingawa ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi. Hiyo ndiyo inayoonyesha kijana anapata nini akijiuma: utulivu, chakula, au mtu wa kukaa naye. Ikiwa ni utulivu, mpango wako ni kumtoa dakika 5 kabla ya kengele, na kumfundisha ishara moja ya kuomba kutoka.

Kuna binti mwenye mtindio wa ubongo, kila akinywa uji anakohoa. Dada wa jikoni anasema ni kawaida yake. (Temeke)

Si ya kupuuza. Uji unaweza kuwa unaingia njia ya hewa, na nimonia inayorudi rudi huanzia hapo. Dalili nyingine ni macho kulengwa na machozi wakati wa kula, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, na pumzi kwenda mbio. Wapo pia wasiokohoa kabisa, na hao ndio wa kuogopa.

Tazama kwanza anakaaje. Makalio yafike nyuma ya kiti, mgongo wima, miguu iwe na pa kukanyaga (ndoo iliyopinduliwa inafaa), kidevu kielekee chini kidogo. Kisha jitazame wewe. Ukimlisha umesimama, atakutazama juu, shingo itarudi nyuma na njia ya hewa itakuwa wazi. Vuta kigoda, macho yenu yalingane. Kijiko cha chai, nusu tu. Kiweke katikati ya ulimi, subiri uone koo likipanda na kushuka, hakikisha mdomo ni mtupu, ndipo ufuate kingine. Usimmiminie kwa kikombe wala kumbana pua. Mlo ukizidi nusu saa amechoka. Afadhali milo midogo mara nyingi. Akimaliza, msafishe kinywa na abaki wima dakika 30.

Kimiminika chepesi hukimbia kuliko anavyoweza kumeza, kwa hiyo uji mzito kiasi huwa rahisi kwake kuliko maji. Ila uzito gani, hilo liamuliwe baada ya kupimwa na mtaalamu, usilipange wewe na dada wa jikoni. Andika idadi ya vikohozi kwa mlo, upeleke kwa msimamizi.

Akianguka kifafa nifanye nini cha kwanza? (Kigamboni)

Tazama saa. Kila mtu hukimbilia mgonjwa, kisha daktari akiuliza imechukua muda gani, mmoja anasema dakika 2, mwingine 10. Ondoa vitu vya kumjeruhi, weka nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu mara inapowezekana. Usimbane viungo. Usiweke kijiko mdomoni. Hakuna anayemeza ulimi, ila meno huvunjika. Povu haliambukizi kifafa. Ikifika dakika 5 ni dharura: dawa iliyoandikwa na daktari itolewe, na sukari ya damu ipimwe. Baadaye uliza kama vidonge vya kifafa vimekwisha nyumbani. Kukatisha dawa ghafla ni chanzo kikubwa.

Mgonjwa ana miaka 45 lakini "ana akili ya mtoto wa miaka 6". Nimwamkie vipi? Mimi nina 21. (Ubungo)

Shikamoo. Amekaa duniani miaka 45, na maneno hayo ya "akili ya miaka 6" yaondoe hata kwenye ripoti; andika anachoweza na asichoweza kufanya. Msemeshe yeye kabla ya ndugu yake. Sentensi fupi, jambo moja, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla ya kurudia. Wengi wetu hukatiza kwenye 3. Kabla ya kupima presha, mpe kitambaa cha mashine akishike, kizungushe kwanza mkononi kwa ndugu yake, ndipo umwombe wake.

Je, ipo fani ya uuguzi wa ulemavu wa akili peke yake? (Kinondoni)

Uingereza ipo. Ni moja ya fani nne za kusajiliwa kule, pamoja na watu wazima, watoto na afya ya akili. Mafunzo ni saa 4,600, nusu darasani, nusu kazini. Ayalandi pia ipo, shahada ya miaka minne. Muuguzi wa nje anayeomba usajili Uingereza hupimwa kwa fani anayoiombea, hivyo usijaze fomu kwa kubahatisha. Hapa nyumbani unasoma uuguzi na ukunga kwa ujumla. MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) ina shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili, lakini kumbuka ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili ni vitu viwili.

Natoka Gongo la Mboto, zamu inaanza saa 1:30 asubuhi, na kitabu cha mazoezi hakijasainiwa wiki mbili. Nifanyeje?

Panda gari saa 11 alfajiri, sare ikiwa ndani ya mfuko, maana mvua na msongamano wa daladala haviijali sare nyeupe. Saini iombe siku hiyo hiyo, kabla ya makabidhiano ya zamu. Sista aliyehamishwa wodi hatasaini alichosahau. Wiki mbili zilizopita zipeleke kesho kwa mkufunzi wako, ukiwa na rota (ratiba ya zamu) mkononi.