Kabla ya Cheti, Nionyeshe Mama Yake

Wiki hii maswali ya mbwa yamezidi ya ng'ombe na kuku, na karibu yote yanahusu cheti cha ukoo. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Shikamoo daktari. Natafuta German Shepherd wa kulinda nyumba hapa Uyole. Kuna muuzaji mwenye watoto wa mbwa wenye cheti kutoka Nairobi, anataka mara tatu ya bei ya jirani yangu ambaye wa kwake hawana cheti. Kina maana yoyote, au nalipia karatasi?

Marahaba. Kina maana, ila si ile anayokuambia muuzaji.

Cheti cha ukoo ni kumbukumbu ya uzazi. Kinasema huyu ni mtoto wa dume fulani na jike fulani, babu na bibi zake ni hawa, na wote wameandikwa kwenye kitabu cha klabu ya wafugaji wa mbwa. Huku kwetu klabu inayotajwa sana ni East Africa Kennel Club ya Nairobi. Kwa German Shepherd kitabu chenyewe kilianzia Ujerumani mwaka 1899, Max von Stephanitz alipomwandika dume wake Horand kuwa namba moja. Kumbukumbu ya namna hiyo inasaidia: unaweza kuona kama wazazi ni ndugu, na unaweza kufuatilia ugonjwa unaotembea katika ukoo. Lakini klabu haikuja kumpima mtoto unayemnunua. Imeandika alichotangaza mfugaji. American Kennel Club yenyewe inasema wazi kwamba usajili wake si dhamana ya afya wala ubora wa mbwa.

Kwa aina hii ya mbwa jambo la kuuliza mapema ni ugonjwa wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu lake, kinachezacheza, mwishowe kinasagika. Unamwona mbwa wa miaka miwili anakimbia kwa kurusha miguu yote ya nyuma pamoja kama sungura, na asubuhi za Julai, ile baridi yetu ya Mbeya, anainuka kwa kujikongoja. Tatizo hili hurithiwa, na ulishaji wa kumnenepesha mtoto haraka huliongeza. Mtoto wa wiki nane humtambui kwa macho. Ndiyo maana wanaopigwa eksirei ni wazazi, wakishatimiza mwaka mmoja kwa utaratibu wa Ujerumani, au miwili kwa ule wa Marekani. Muulize muuzaji wako: picha za nyonga za baba na mama ziko wapi? Akikuonyesha cheti, hajakujibu.

Kisha omba kumwona mama. Miaka michache iliyopita niliitwa kumkagua mtoto aliyenunuliwa kwa bei kubwa kwa sababu ya cheti. Karatasi ilikuwa nzuri, ina muhuri na majina ya vizazi vitatu, na ilisema mtoto ana wiki tisa. Nikamfunua mdomo: meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, magego hakuna. Macho bado yana ule ubluu wa utoto. Tumbo limejaa kama ngoma, ukilibonyeza anaguna. Alikuwa na wiki nne, tano kwa kumpendelea, na minyoo tele. Karatasi ile ilikuwa ya mbwa mwingine. Mtoto hakumaliza siku kumi, na aliyemnunua hakuwahi kumwona mama yake, kwa sababu aliambiwa "mama yuko shamba".

Kwa hiyo cheti kiwe na namba ya chipu, kidude kidogo kinachopachikwa chini ya ngozi ya shingo, na namba hiyo isomeke kwa mashine kwenye mbwa mwenyewe. Cheti kisicho na alama inayokifunga na mbwa mmoja kinaweza kupewa mbwa yeyote. Na kama jirani yako ana jike mwenye afya, ametulia, anakusogelea bila kujificha wala kukurukia, na watoto wake wamepewa dawa ya minyoo tangu wiki ya pili, mimi ningenunua kwa jirani.

Mbwa mwenye cheti haumwi ovyo kama hawa wa mtaani. Kweli au si kweli?

Si kweli. Parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoharisha damu, inaua wenye cheti na wasio nacho.

Nimeletewa cheti cha jike ninayetaka kumnunua, niko Njombe. Jina la babu mzaa baba na babu mzaa mama ni lilelile. Muuzaji anasema hiyo ndiyo damu safi. Ni sawa?

Umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawafanyi: umekisoma. Jina hilo moja likitokea pande zote mbili, maana yake baba na mama wa huyo jike ni ndugu wa baba mmoja. Kwa hesabu ya vinasaba, asilimia 12.5 ya urithi wake inatarajiwa kuwa nakala mbili zilezile kutoka kwa babu mmoja. Wazazi wangekuwa ndugu wa baba na mama mmoja, ingefika asilimia 25. Ugonjwa uliojificha kwa babu, ambao ungehitaji nakala mbili ili ujitokeze, hupata nafasi hapo. Kennel Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1873, tangu mwaka 2009 haisajili watoto waliotokana na baba na binti, mama na mwana, wala kaka na dada. Waliotokana na ndugu wa baba mmoja bado wanasajiliwa, kwa hiyo usitegemee klabu ikukatalie. Kataa mwenyewe. Na wewe mfugaji wa Njombe unayeuza kwa neno "damu safi", ukibaki na dume mmoja na binti zake miaka sita, unajitengenezea mzao dhaifu. Tafuta dume wa nje.

German Shepherd ni shilingi ngapi?

Swali hili linakuja kila wiki, halina umri, halina jinsia, halina mahali. Sijibu bei. Anayeanza na bei huuziwa mtoto wa wiki nne, na mara nyingi huwa ndiye anayenipigia simu usiku mbwa anapotapika.

Mbwa wangu wa kwanza alikufa mwezi uliopita kwa kuharisha damu. Sasa nimepata mwingine Dar, ana cheti, wiki tano. Muuzaji anasema nitume hela yote kwa simu, atampakia kwenye basi. Nipo Mafinga.

Pole sana dada yangu, na tafadhali usitume hiyo hela.

Wiki tano mtoto bado ni wa mama yake. Asubiri nane. Katika hizo tatu anajifunza kwa wenzake kung'ata bila kuumiza, na mtoto aliyekosa somo hilo ndiye baadaye anawararua watoto wako mikono wakicheza naye. Halafu fikiria safari yenyewe: joto la Dar, boksi chini ya basi, kupanda Kitonga, kushuka Mafinga kwenye ukungu. Mtoto mdogo hivyo hana mafuta ya kujipasha joto, sukari mwilini inashuka, anafika amelegea.

Ila hata akifika mzima, nyumbani kwako kuna hatari kubwa zaidi. Kuharisha damu kwa mbwa mdogo asiyechanjwa, mara nyingi ni parvo. Kirusi chake hukaa kwenye udongo wenye kivuli miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji isugue kwa sabuni kwanza, kisha umwagie jiki, sehemu moja kwa thelathini za maji, iache dakika kumi. Vyombo na matandiko ya marehemu choma. Udongo wa uani huwezi kuuosha. Kwako wewe mtoto hafai kabisa mwaka huu. Chukua mbwa aliyekwisha kukamilisha chanjo zote, yaani zinazoanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Awe na cheti au asiwe nacho.

Jike wangu hana cheti ila kila mtu anasema ni Rottweiler kamili. Naweza kumsajili ili watoto wauzike? Iringa mjini.

Kwa kawaida hapana. Usajili huanza kwa wazazi waliosajiliwa. Na anayeahidi kukutengenezea cheti anakutengenezea uongo ambao utauza kwa jina lako. Mfunge uzazi.

Daktari, kwa hiyo hawa mbwa wetu wa kienyeji hawana thamani kwa kuwa hawana karatasi? Nina wawili Tunduma, wana miaka saba hawajawahi kuumwa.

Wana thamani, na natamani watu wengi zaidi wa Nyanda za Juu walione hilo. Chukua Basenji, mbwa wa kuwindia wa Kongo asiyebweka kama wengine. Wazungu walianzisha kitabu chao kwa mbwa wachache, wakakifunga, na vizazi baadaye ugonjwa wa figo ukaenea katika ukoo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Kongo kutafuta mbwa wa vijijini, wasio na karatasi yoyote, na mwaka 1990 American Kennel Club ikakifungua kitabu chake ili kuwaingiza. Mbwa wa kijijini ndio walioitwa kumsaidia mwenye cheti.

Wako wameishi miaka saba na kupe na baridi ya mpakani. Wape dawa ya minyoo, wape chakula cha kutosha maana pumba peke yake haitoshi, na uwachanje.

Nimenunua mtoto wa miezi miwili, kadi inaonyesha alichanjwa kichaa cha mbwa akiwa na wiki nne. Nimemaliza?

Hujamaliza. Wiki nne bado ana kinga ya maziwa ya mama, na chanjo hiyo haishiki ipasavyo. Angalia kadi yenyewe: chanjo halisi huacha kibandiko cha chupa chenye namba ya toleo, na pembeni sahihi na muhuri wa aliyechanja. Ukikuta tarehe tu zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja mfululizo, hakuna aliyechanja. Mpeleke ofisi ya mifugo akitimiza miezi mitatu, umrudishe baada ya mwaka. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa kabla ya hapo, hata mbwa wako mwenyewe, hata mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima na uende hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.