Breki za gari la umeme zikilia, usikimbilie kununua pedi

Gari la umeme halina injini ya kufunika kelele, kwa hiyo kila mkwaruzo unausikia. Lakini breki zake kweli hulia kuliko za petroli, na sababu inashangaza wengi: hazifanyi kazi ya kutosha. Ukiachia pedali ya mwendo, au ukikanyaga breki taratibu, mota inageuka jenereta. Yenyewe ndiyo inayopunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, na pedi (vipande vinavyobana ili kusimamisha gurudumu) haziigusi diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), au zinaigusa kidogo sana. Sasa diski ni chuma kitupu. Ukiosha gari jioni, asubuhi diski zina kutu. Kwenye gari la petroli kutu hiyo inafutika kabla hujafika unakokwenda. Kwenye la umeme inaweza kukaa siku nyingi ikizidi kuchimba.

Langu lilianza kukwaruza nyuma kushoto. Fundi niliyempelekea hakufungua hata nati moja: alisikiliza akiwa amesimama pembeni, akasema pedi na diski zote zibadilishwe. Nilimshukuru, nikaondoka na gari langu. Pedi za gari la umeme kwa kawaida hudumu kuliko za petroli, na langu lilikuwa halijatembea kiasi hicho.

Anza kwa kusikiliza. Tafuta njia tulivu yenye ukuta pembeni, shusha vioo, nenda polepole. Ukuta utakurudishia sauti. Kelele inayokuja pale tu unapokanyaga, hasa asubuhi au baada ya mvua, mara nyingi ni kutu ya juujuu. Inayosikika muda wote kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, kisha ikabadilika au kukatika ukikanyaga kidogo, ni dalili ya pedi iliyonata. Mlio mwembamba na mkali unaweza kuwa kile kibati cha kukuonya kwamba pedi imekwisha. Ukisikia "tak" moja tu unapotoka kurudi nyuma na kuanza kwenda mbele, ni pedi inasogea kwenye nafasi yake. Angalia klipu zinazoishikilia, usipoteze usingizi. Na ukisikia kelele ya kutisha iliyozuka ghafla kwenye barabara ya changarawe, huenda ni kijiwe kimebanwa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi. Rudi nyuma kidogo, mara nyingi kitadondoka chenyewe.

Zipo pia sauti ambazo si za breki za magurudumu wala si ubovu. Mvumo wa mwendo mdogo unaweza kuwa spika ya kuwaonya waenda kwa miguu. Huko Ulaya kila gari jipya la umeme linatakiwa kuwa nayo tangu 2021. Breki ya kuegesha nayo ina vimota vyake, husikika ukiifunga na kuifungua.

Baada ya hapo, zipe breki kazi. Kwenye magari mengi ukiweka N (gia huru) mota inaacha kurudisha umeme, na pedi zinabeba mzigo wote. Soma kwanza kitabu cha gari lako kama kinaruhusu. Kwenye barabara tupu na iliyonyooka, ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa hivi, weka N, kanyaga kwa nguvu ya wastani hadi ukaribie kusimama, rudisha D, endesha kidogo diski zipoe, kisha rudia mara kadhaa. Kama tatizo ni kutu ya juu tu, kelele itaisha hapohapo. Kwangu ilipungua, haikuisha, nikajua kuna kitu kimeganda.

Ukiamua kufungua, jeki iwekwe kwenye sehemu zilizowekewa alama tu, maana betri imelala chini ya sakafu. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse. Kazi ya breki haizihitaji. Na kama breki ya kuegesha ni ya umeme, iweke kwanza kwenye hali ya matengenezo. Ukisukuma pistoni (ile inayosukuma pedi) kwa nguvu bila hivyo, utavunja kimota cha bei mbaya.

Nilipovua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, jibu lilikuwa wazi. Pedi ya nje ilikuwa nene, karibu mpya. Ya ndani imelika mshazari, upande mmoja kuliko mwingine. Kati ya pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake, ya juu iliteleza kwa kidole kimoja, ya chini haikutikisika mpaka nilipoizungusha kwa spana. Masikio ya pedi, yaani ncha zake mbili, yalikuwa yamebanwa kwenye fremu, kwa sababu kutu ilikuwa imevimba chini ya klipu na kula nafasi yote. Hapo ndipo penye kazi: toa klipu, kwangua kutu kwa brashi ya waya na tupa (kile kifaa cha kusugulia chuma) mpaka chuma kionekane, safisha pini, paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi hapana, itavimbisha mpira wa pini na utarudi palepale. Pedi nilibadilisha za nyuma pande zote mbili, diski zikabaki, kwa kuwa unene wake ulikuwa bado juu ya kile kiwango cha chini kilichogongwa pembeni ya diski yenyewe.

Ukimpelekea fundi, mwambie usemi huu tu: "Nionyeshe pini zinavyoteleza kabla hujarudisha gurudumu." Anayejua kazi hatakasirika.

Lakini kama chuma kinasaga chuma, gari linavuta upande mmoja, pedali inazama, au rimu moja inatoa joto kali kuliko wenzake baada ya safari, acha majaribio na usiliendeshe.

Kwa matunzo ya kawaida, ukimaliza kuosha gari zungusha mtaa mmoja ukikanyaga breki ili diski zikauke kabla ya kuegesha. Pini zisafishwe kila mwaka, hasa ukikaa karibu na bahari au penye chumvi barabarani. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa tu, kwa hiyo fuata kalenda ya mtengenezaji wala usiangalie kilomita.