Maporomoko Asubuhi, Bahari Jioni

Wengi wanaopanga kuona bahari na maporomoko ya maji katika siku moja ya msimu wa joto huanza kwa kuhesabu umbali wa barabara. Mimi huanza na jedwali la maji kupwa na kujaa. Katika pwani nyingi, kati ya maji kujaa na kupwa hupita takriban saa 6 na dakika 12, na kila siku majira hayo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo saa iliyomfaa mwenzako juma lililopita haitakufaa wewe. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakapwa mbali na kujaa juu sana. Huo ndio wakati mzuri wa kutazama viumbe katika vidimbwi vya miambani, na ndio wakati ambao aliyezunguka rasi bila kuangalia saa hukuta njia ya kurudi imekwisha funikwa.

Jedwali likiruhusu, panda kwenye maporomoko alfajiri. Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na mvua za radi za msimu huu mara nyingi hunyesha alasiri. Mvua inayonyesha mbali juu mlimani yaweza kuufurisha mto ambao kwako una anga safi kabisa. Ndiyo maana kila ninapoketi kando ya mto husimamisha kijiti penye ukingo wa maji, nikakitazama mara kwa mara. Kijiti kikianza kuzama, au maji yakigeuka rangi ya udongo na kuleta majani na matawi, naondoka papo hapo na kupanda mahali pa juu, hata kama chakula kimeshaandaliwa.

Karibu na maporomoko, jiwe jeusi linalong'aa ndilo la kuogopwa, kwa kuwa limevikwa utando mwembamba wa mwani. La kijivu, kavu na lenye kukwaruza mkono, hushika soli vizuri zaidi. Usijirushe kwenye bwawa, maana mafuriko huleta magogo na mawe usiyoyaona, wala usiogelee yanapoangukia maji, kwa kuwa povu lile limejaa hewa na mtu haelei humo kama katika maji matulivu. Kuhusu picha zinazopigwa juu kabisa, ukingoni, msimamo wangu ni mmoja: zisipigwe.

Adhuhuri pumzika kivulini, unywe maji hata kabla ya kuhisi kiu, kisha ushuke pwani jua likiwa limepoa, ukiwa umejipaka upya mafuta ya kujikinga nalo, kwa sababu jasho na maji huyaondoa.

Ufukweni, sehemu inayoonekana tulivu katikati ya mawimbi yanayovunjika ndiyo mara nyingi yenye mkondo unaovuta watu kwenda kilindini. Ukikuchukua, usipambane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu, kwani hata waogeleaji hodari huishiwa nguvu kwa njia hiyo. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeuke kurudi. Ukichoka, elea chali na uinue mkono kuomba msaada.