Usimchoree 0.8 na 0.35 kwenye maboksi mawili

Futa hiyo michoro kabla mtoto hajarudi kutoka shule. Umesema unataka aone desimali ipi ni kubwa, kwa hiyo 0.8 umeichora kwenye boksi la vyumba 10, 0.35 kwenye boksi la vyumba 100, na la pili umelifanya kubwa ili vyumba vyote vienee. Ndivyo nilivyomchorea binti yangu akiwa darasa la tano, tena kwa rangi nzuri, na ilinichukua muhula mzima kuking'oa nilichokipanda.

Mtoto anahesabu vilivyopakwa rangi. Huku 8, kule 35. Vyumba vyangu vyote vilikuwa vya sentimita moja moja, kwa hiyo rangi ya 0.35 ilienea sentimita za mraba 35, ya 0.8 sentimita za mraba 8. Akasema 0.35 ni kubwa. Nikamgombeza! Kumbe alikuwa anasoma sawasawa kilichokuwa kwenye karatasi, mwongo ulikuwa mchoro. Hilo linaniuma mpaka leo.

Niligundua buchani. Tumeomba nusu kilo, mizani ikaandika 0.485, binti akaruka kwa furaha: "Mama, katuzidishia! Nusu ni nukta tano tu, hii ni mia nne themanini na tano."

Na mwalimu wa tuisheni niliyekuwa namlipa kila wiki ndiye aliyeniambia kila desimali ina boksi lake. Ndiye pia aliyemzoesha kusoma "sifuri nukta thelathini na tano" badala ya "sifuri nukta tatu tano". Angetamka mara moja tu kwamba kizima, yaani ile 1 inayogawanywa, ni kilekile! Ni sawa na fundi apime mguu mmoja wa suruali kwa futi, wa pili kwa shubiri, halafu amlaumu mteja kwamba anachechemea.

Kizima kimoja, ukubwa uleule, kila mara. Chukua karatasi ya grafu, chora mraba wa sentimita 10 kwa 10. Huo mraba wote ndio 1. Ugawe kanda 10 za kusimama, kila ukanda ni 0.1. Kata kila ukanda vyumba 10, kila chumba ni 0.01. Sasa chora miraba miwili iliyolingana: mmoja paka kanda 8, wa pili kanda 3 na vyumba 5. Hapo hata 0.80 haimsumbui, maana kanda 8 ni vyumba 80, rangi ileile. Ukitaka 0.125, paka ukanda 1, vyumba 2 na nusu ya chumba. Binti yangu alipopaka hiyo pembeni ya 0.5 alinyamaza, akaitazama, kisha akaomba tumrudie yule wa bucha.

Chora hiyo miraba jioni hii, umwulize ipi kubwa, na usimwambie kitu mpaka ajibu mwenyewe.