Re: Power Up ya AC/DC, mbona nyimbo zote zinafanana?

Mambo mkuu. Umesema umeisikiliza Power Up, albamu ya AC/DC, ile bendi ya rock ya Australia, mara mbili, nyimbo zote 12 unaona ni moja tu na huelewi watu walisifia nini. Kwanza cheki unasikilizia wapi. Mi nilianza na spika ya simu ndani ya daladala ya Nkuhungu, nikaiponda palepale, baadae usiku nimevaa hedifoni ndo nakuta kumbe magitaa mawili yanajibizana muda wote. Kufanana ni kweli bana, hawa jamaa hawajawahi kubadilika, ni kama ngoma za huku kwetu, mdundo unajirudia ila mwili unaenda wenyewe.

Halafu stori yake ndo iliyogusa watu: Malcolm Young, mpiga gitaa wa bendi, alifariki 2017, mdogo wake Angus, naye mpiga gitaa, akachukua vipande walivyotunga wote, albamu ikatoka Novemba 2020 na mwimbaji wao Brian Johnson karudi, yule aliyeacha ziara 2016 kisa masikio. Ikashika namba moja Australia, Uingereza na Marekani.

Anza na Through the Mists of Time, Shot in the Dark iache kwanza. Ladha yako siwezi kuisemea, ikigoma hapo futa tu upate nafasi kwenye simu.