Usiagize vifaranga wa Krismasi kabla hujashika arbuni

Dada, simamisha oda hiyo leo, kabla hujatuma hata shilingi moja. Nimesoma ulivyoandika kwamba unaishi Kahawa West hapa Nairobi, kwamba una uwanja mdogo nyuma ya nyumba, na kwamba unataka vifaranga 200 wa broila, yaani kuku wa nyama, waingie tarehe 12 Novemba ili watimize siku 42 mkesha wa Krismasi. Unauliza utumie taa au makaa, ununue chakula cha kampuni gani, utawalisha saa ngapi ilhali asubuhi yako yenyewe ni ya kunywa chai ukiwa umesimama huku umevaa kiatu kimoja, majirani uwaambie nini, na uuze kwa bei gani. Maswali hayo yote ni mazuri, lakini hakuna hata moja linalomhusu mtu atakayewanunua hao kuku. Umeandika tu kwamba "Krismasi kila mtu hula kuku", na nilipofika kwenye sentensi hiyo niliweka kikombe chini, kwa sababu ndiyo maneno yaliyonimaliza mimi, kwa hesabu hiyohiyo na karibu kwa tarehe hizohizo.

Sikatai kwamba Krismasi watu hula kuku. Ninachokuambia ni kwamba hawamli wakiwa Nairobi. Sikukuu ya Jamhuri ikishapita tarehe 12 Desemba, ofisi huanza kufunga moja baada ya nyingine, watoto wako likizoni tangu zamani, nauli za mabasi ya kwenda Kisumu, Kakamega na Busia hupanda, na mtu mwenye akili hutanguliza familia yake mapema kabla nauli haijafika mara mbili. Kufikia tarehe 20, mtaa uliokuwa ukigombania maegesho unabaki na magari machache yaliyofunikwa turubai. Mteja wako uliyemtegemea, yule mwalimu, yule karani, yule jirani wa ghorofa ya pili mwenye watoto wengi, yuko kwao mashambani, na huko anachinjiwa jogoo wa kienyeji au mbuzi aliyemkuta palepale bomani. Hakuna atakayesafiri usiku kucha hadi Busia na broila wa Nairobi mapajani ili ampelekee mama yake mzazi, labda kama wamekosana.

Mimi niliwafuga katika chumba cha uani kilichojengewa mfanyakazi, na nitasema bila haya kwamba niliwafuga vizuri. Chanjo ya Newcastle na ya Gumboro, magonjwa yanayofyeka kuku, walizipata kwa wakati wake, katika maji yaliyolala kwenye ndoo wazi ili klorini ya maji ya mfereji ipungue, yakiwa yamekorogewa maziwa ya unga yasiyo na mafuta kama daktari wa mifugo alivyoniagiza. Maranda ya kutandika sakafuni yalikuwa makavu muda wote, na waliokufa walikuwa wachache kiasi cha mwenye duka la chakula kunipongeza. Wiki ya sita ilipotimia, kila mmoja alikuwa na kilo mbili na ushei, mweupe, mnene, na wote wamekaa kama wageni wa harusi wanaosubiri pilau, na hapakuwa na mtu wa kuwanunua.

Nilipiga simu. Jirani wa kwanza alipokea akiwa ndani ya basi, nikasikia kondakta akitangaza kituo cha Nakuru. Wa pili alisema ningemwambia wiki mbili mapema angechukua watano. Wa tatu, ambaye ndiye aliyenitia moyo wa kuanza, alisema wao mwaka huo wanakula mbuzi. Mtaani tulibaki mlinzi, paka, na mimi na kuku wangu, na mlinzi alinunua mmoja kwa mkopo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna anayekuambia anapokuuzia vifaranga. Broila akifikisha wiki sita haachi kula ili akusubiri utafute soko. Hula takriban gramu 170 hadi 200 kwa siku, maana yake kuku 200 wanamaliza zaidi ya kilo 34 kila siku, na gunia la kilo 50 halikai siku mbili. Gunia hilo ukilinunua kwa zaidi ya shilingi 3,000, kila jua likichwa umepoteza zaidi ya shilingi 2,000, na kuku ni walewale, isipokuwa sasa ni wazito zaidi kuliko anavyotaka mnunuzi, kwa kuwa mwenye mkahawa anataka kuku wa kilo moja na robo hadi moja na nusu baada ya kuchinjwa, ili vipande vyake vilingane kwenye sahani. Mimi nilianza kupunguza chakula nikidhani ninaokoa pesa, wakawa wanadonoana. Nikakirudisha, wakanenepa hadi miguu ikawashinda, na joto la mchana wa Desemba likawakuta wamelala ubavu, mabawa yametanuka, midomo wazi, wanahema. Kila jioni nilikuta wengine wamekufa, na hao ni kuku waliokwisha kula karibu kilo nne za chakula kila mmoja. Hasara ya kifaranga anayekufa siku ya tatu unaweza kuimeza. Huyu wa wiki ya saba amekufa na gharama yote tumboni mwake.

Nilipowapeleka sokoni niligundua kwamba kila mfugaji wa Ruai, Kitengela na Kikuyu alikuwa amepiga hesabu ileile ya siku 42. Masoko ya nyama kama Burma na City Market yana wauzaji wenye watu wao wa kuwaletea mwaka mzima, kwa hiyo ukifika pale tarehe 23 na kuku wanaohema ndani ya tenga, mnunuzi anajua kwamba huwezi kurudi nao nyumbani, na anakutajia bei huku anatazama upande mwingine. Niliuza baadhi kwa bei ambayo haikurudisha hata pesa ya chakula. Waliobaki nikaamua kuwachinja mwenyewe usiku ili niwagandishe, na kwa haraka nikawatumbukiza katika maji yanayotokota. Ngozi ikachanika yote wakati wa kunyonyoa, kwa sababu maji ya kunyonyolea yanapaswa kuwa ya nyuzi 60 hadi 65 hivi na kuku asikae humo zaidi ya dakika moja. Mwenye mkahawa alipowaona aliniuliza kama nimewanyonyoa kwa jembe. Nyumbani tulikula kuku wa kukaanga, kuku wa mchuzi, kuku wa nazi, supu ya kuku asubuhi badala ya chai, mpaka watoto wakaomba maharagwe kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwao tena.

Aliyenifikisha hapo ni bwana mmoja wa mafunzo ya ufugaji ambaye jina lake silitaji, maana bado anatembea kumbi kwa kumbi na kalamu yake nyekundu. Tulilipa kiingilio, tukapewa soda na karatasi ya hesabu iliyopigwa nakala mpaka wino umefifia. Karatasi hiyo nimeihifadhi. Ina safu ya bei ya kifaranga, ya chakula, ya chanjo, ya maranda na ya makaa, kisha mstari wa mwisho umeandikwa: "Siku ya 42: uza." Neno moja tu, kana kwamba kuuza ni kufungua mlango. Hapakuwa na mstari wa siku ya 43, wala wa 50, wala safu ya jina la mnunuzi. Nilipomuuliza soko liko wapi alicheka, ukumbi mzima ukacheka naye, akasema, "Ndugu yangu, Desemba kuku anajiuza." Baadaye nilikuja kufahamu kwamba yeye hupewa kamisheni kwa kila kifaranga tunachoagiza kupitia kwake, na hapo ndipo nilipoelewa ni kuku gani hasa waliokuwa wakijiuza mle ukumbini. Kama huyo aliyekuambia tarehe 12 Novemba naye ana namba ya kuagizia vifaranga mfukoni, mwombe awanunue yeye mwenyewe wakifika kilo mbili, halafu utazame uso wake.

Mwenye mkahawa naye simwachi. Alikuwa ameniambia tangu Oktoba kwamba atachukua hamsini, tena kwa kunishika mkono. Mkahawa wake uko katikati ya mji na unalisha watu wa ofisini, kwa hiyo ofisi zilipofungwa naye alipunguza wapishi, na nilipompigia aliniambia kwa upole kwamba hajakataa, atachukua Januari. Januari, dada! Mwezi ambao sisi wenyewe tunauita Njaanuari, karo zinadaiwa, sare zinadaiwa, na aliyekula mbuzi kwao anakopa pesa ya unga. Mtu yule hakuwa mwongo. Aliposema atachukua alimaanisha, lakini hakuna siku yoyote iliyofungwa kwenye maneno yake, na mimi nilijenga juu yake gharama ya magunia kumi na sita ya chakula.

Ndiyo maana sasa nina sharti moja, na sina lingine la kukupa: kifaranga asiye na mnunuzi aliyelipa arbuni asiingie nyumbani kwako. Usikubali ahadi, wala jina kwenye kikundi cha WhatsApp, wala alama ya dole gumba. Nataka uone ujumbe wa M-Pesa wenye shilingi 200 kwa kila kuku, na kando yake tarehe ya kuchukua. Wengi hudhani arbuni ni ya kumzuia mteja asikimbie, na kweli inasaidia, lakini kazi yake kubwa huifanya mapema zaidi. Ukimwambia mtu akuahidi kuku wa Krismasi, atakuahidi kwa kuwa ahadi haimgharimu kitu. Ukimwambia atume shilingi 200 sasa hivi, atasimama, atafikiri, kisha atakuambia, "Ngoja kwanza, sisi tunasafiri tarehe 15." Ukishasikia hivyo umeokoka, kwa sababu tarehe yako ya kuagiza vifaranga umeipata kutoka kwa mlaji mwenyewe badala ya kuikata kwenye kalenda ya ukutani.

Nilipoanza kufanya hivyo, orodha yangu ilijipanga upya kabisa. Karibu kila mwenye familia alitaka kuku wake kati ya mwanzo wa Desemba na Jamhuri, wengine kwa sherehe za chama, wengine kwa ruracio, ile sherehe ya mahari, na harusi, wengine ili wale pamoja kabla ya kutawanyika. Ukitaka kuku wako wawe na wiki sita tarehe 5 Desemba, vifaranga lazima wawe nyumbani tarehe 24 Oktoba, na kwa sababu mji mzima unaagiza majira hayo, nafasi yako kwa mtotoleshaji uiweke mapema sana. Waliobaki mjini siku ya Krismasi yenyewe wapo, hasa wazawa wa hapa, askari, wauguzi na wenye biashara zisizofungwa, lakini ni wachache, na hao mimi huwafugia kundi lao dogo pembeni, la idadi ileile waliyolipia, na nyongeza ya wachache kwa ajili ya vifo. Arbuni za kuku sitini zikiingia, agiza vifaranga sitini na tano. Mia mbili ni idadi ya yule bwana wa kalamu nyekundu, maana yeye hulipwa kwa kichwa.

Kuhusu taa au makaa, tumia chochote ulichonacho, mradi vifaranga wapate nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha upunguze kama nyuzi tatu kila wiki. Watazame wao wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia kando na kuhema wanaona joto. Ukitumia jiko la makaa acha hewa ipite juu, kwa sababu gesi yake huua vifaranga na hata mtu aliyelala chumba hicho. Hayo utayajua kwa siku chache, na hata ukiyakosea kidogo hayatakufilisi. La chakula cha kampuni gani nalo linaweza kungoja, kwa maana hili la arbuni sijalimaliza.

Usione haya kuomba pesa. Najua unasema moyoni kwamba majirani watakuona huwaamini, tena wewe ni mgeni katika mtaa huo. Fundi wa nguo hakati kitambaa chako kabla hujampa nusu, na hukuona kwamba amekutukana. Anayesema kwamba atalipa akimwona kuku, mwambie karibu, utamwona, lakini huyo si wa kwenye hesabu. Akija siku ya siku akakuta kuna wa ziada, achukue kwa bei ya juu zaidi. Wala usianze na jamaa zako, kwa sababu shangazi hatalipa arbuni, na kuku utampa.

Leo jioni, watoto wakishalala, waandikie watu wote unaowategemea ujumbe mmoja mfupi: kwamba utakuwa na kuku wa kilo moja na nusu waliochinjwa na kunyonyolewa, bei yake ni hii, arbuni ni shilingi 200 kwa kila kuku na mwisho wa kuipokea ni Jumapili, na mtu aandike tarehe anayotaka kuchukua. Jumapili usiku hesabu kuku waliolipiwa arbuni. Wakiwa wanane, agiza tisa na ufurahi. Atakayekujibu "nitakuambia", usimwandike.