Sola nyumbani Utawala: serikali inasaidia wapi?

Dada, umeuliza kama serikali itakurudishia sehemu ya gharama ukiweka sola hapo kwako mtaani Utawala, Nairobi. Pesa mkononi usingoje. Afueni iko dukani: paneli za sola hazitozwi VAT, ile asilimia 16, kwa hiyo ukiiona kwenye risiti muulize muuzaji imetoka wapi. (Wapo wanaojaribu bahati.) Umeme unaobaki mchana, Sheria ya Nishati ya 2019 inakuruhusu kuomba kuurudisha kwa laini ya Kenya Power, ila utapunguziwa bili tu, hulipwi hela. Mimi ningeanza na betri nzuri, maana stima ikipotea saa mbili usiku paneli zimelala. Na fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, kabla hajapanda paa.